Waliokuja Kumuulizia Hafsa

Korogwe, 11 Januari 2025

Shangazi Mwantumu,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mguu umepunguza kuuma. Mimi ni mzima. Joto la huku limezidi, feni ya ofisini imekufa, na wakili ninayefanya naye kazi ameahidi kununua nyingine tangu kabla ya Krismasi. Nimekutumia dawa ya kuchua na maharage ya Bungu, yale mekundu unayoyapenda. Mustapha kondakta anayo kwenye mfuko wa bluu. Mfuko ni mmoja tu, usije ukamgombeza tena kijana wa watu.

Nakuandikia kwa sababu simu huwezi kuisikia bila kuweka spika, na ukiweka spika Chanika nzima inachangia mazungumzo. Hili nataka tulizungumze wawili.

Nataka kurudi shule, shangazi. Shahada ya uzamili ya sheria. Uwakili ninao, kazi ninayo, lakini kuna jambo limenikaa kooni. Mwezi wa kumi na moja nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja huku kwenye mashamba ya mkonge. Mwekezaji alileta mkataba mnene, na ukurasa wa mwisho kabisa unasema wakigombana, kesi itasikilizwa Ulaya. Wazee wakanigeukia mimi, wakili wao, wakaniuliza maana yake nini. Nikawajibu maneno mengi, lakini ukweli nilikuwa sijui. Nilirudi na aibu yangu mpaka nyumbani.

Vyuo viko vitatu. Cha kwanza kiko Dar, masomo ya jioni, unasoma huku unafanya kazi, na nje huendi. Cha pili nacho ni cha hapa nchini, ila muhula mmoja unakwenda kusoma Uholanzi, ambako kesi za namna hiyo husikilizwa, halafu unarudi kuandika tasnifu yako nyumbani. Cha tatu ni mwaka mzima Uingereza, na hicho nakitaja tu. Moyo wangu uko kwenye cha pili. Kuna Mfuko wa elimu wenye ofisi Tanga mjini ambao unawalipia watu wa mkoa wetu, na nafikiria kuomba. Nataka neno lako kwanza.

Bi Husna, mama yake Awadhi, amenitumia salamu tena kutoka Mazinde. Nimeziitikia, basi.

Mwanao,
Hafsa


Chanika, Handeni, 24 Januari 2025

Mwanangu Hafsa,

Marahaba. Mguu uko vile vile, hiyo dawa inanuka kuliko inavyotibu. Maharage nimeyapata. Mfuko ni mmoja kama ulivyosema, ingawa fundo lile si la mkono wako. Sisemi kitu. Mahindi ya vuli tumevuna kidogo, mengine nguruwe pori wamekula. Cherehani inakwenda, msimu wa sare za shule haujaisha.

Barua yako nimeisoma peke yangu, na mlango nimeufunga. Kusoma, soma. Siku tuliyomzika baba yako nilimwahidi kaka yangu kaburini kwamba hutaolewa kabla hujashiba shule. Ulikuwa na miaka tisa, ukaja kulala kitandani kwangu, na ahadi hiyo sijaiacha mpaka leo. Bi Husna anaijua na ndiyo maana hanipendi. Salamu zake hizo si salamu, ni kamba. Awadhi mwenyewe sina ugomvi naye, mwalimu mpole, ana adabu. Mama yake ndiye anayetaka mkwe wa kutembea naye kwenye shughuli aseme, huyu wangu ni wakili. Wakianza kuja hapa kukuulizia, niachie mimi.

Lakini hicho chuo cha pili sikielewi. Kwa nini nusu hapa nusu kule? Kama kule ni kuzuri, mbona wanakurudisha? Kama hapa kunatosha, mbona wanakupeleka? Na huo Mfuko, nani yuko nyuma yake, na baadaye atataka nini kwako? Mtu hakulipii ndege kwa sababu una meno mazuri. Utaambiwa weka saini hapa, na wewe mwenyewe ndio kwanza umenisimulia habari za ukurasa wa mwisho.

Hicho cha Dar cha jioni kina ubaya gani? Ijumaa unapanda basi, Jumamosi uko kwangu. Hilo nimelisema tu, usilishike.

Shangazi yako,
Mwantumu


Korogwe, 3 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mimi sijambo, na feni imenunuliwa. Fundo lilikuwa la mkono wangu, nilifunga nikiwa na haraka. Muache Mustapha.

Mkataba wa Mfuko nimeusoma kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi wa kwanza, kwa heshima yako. Wanachotaka ni nirudi kufanya kazi mkoani Tanga miaka mitatu, na hilo ningelifanya hata bila wao. Nusu hapa nusu kule ni kwa sababu kule ndiko waliko wanaoziendesha hizo kesi, na hapa ndiko iliko ardhi yenyewe. Ukisoma kule tu unarudi hujui kijiji. Ukisoma hapa tu unabaki kama mimi siku ile, unawajibu wazee maneno mengi. Nimeshaomba. Nisamehe sikusubiri barua nyingine kutoka kwako, muda wa kuomba ulikuwa unakwisha.

Sasa nisikilize vizuri. Mfuko hutuma watu nyumbani kwa mwombaji. Hawajitaji wala hawasemi wametumwa na nani, maana wanataka kusikia habari za mtu kabla hazijapambwa. Wataulizia afya yangu, tabia yangu, kama naweza kukaa mbali na nyumbani, kama naacha mambo katikati. Taarifa yao ndiyo inayoamua nani aitwe kwenye usaili na nani aachwe. Mimi sikutakiwa kukwambia haya, lakini nakujua wewe na wageni. Akija mtu asiyejitaja, tafadhali mkaribishe, umjibu kweli tupu.

Barua hii nampa Mustapha sasa hivi kabla gari halijatoka.

Hafsa


Chanika, 12 Februari 2025

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi tuko salama, isipokuwa mtaa umechimbwa mtaro wa bomba la maji, na udongo wote wameurundika mlangoni kwangu. Wateja wa cherehani wanaruka kama mbuzi. Hii nampa Pendo muuza nyanya, Mustapha simwoni siku hizi.

Nilikwambia watakuja, na juzi Jumatatu wamekuja. Wawili, mwanamke wa makamo na mwanamume mwembamba asiyesema, na sukari kilo mbili mkononi. Nilipoiona tu ile sukari nikajua. Hawakutaja waliowatuma, na hiyo ndiyo desturi, lakini yule mwanamke sura yake naijua. Ni wa ukoo wa Bi Husna, nilimwona kwenye harusi ya Mombo mwaka juzi.

Nimewajibu. Usiniulize nimewajibu nini. Wewe ujue tu kwamba Bi Husna hatatuma mtu tena kwenye mlango huu, na usome kwa raha zako. Walipoondoka mwanamke alinishukuru kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Nilicheka mpaka mguu ukaacha kuuma.

Sukari nimeichukua.

Mwantumu


Korogwe, 20 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako kwa mkono wa Pendo nimeipata. Niliposoma kwamba wageni hawakujitaja, nilidhani umewakoroga wale wa Mfuko. Lakini ukasema umemtambua yule mwanamke, nikatulia. Wewe hujawahi kukosea sura ya mtu. Sikujua tu kwamba Bi Husna ni mtu wa kutuma sukari.

Barua yangu ya tarehe tatu naona ilichelewa. Basi la Mustapha liliharibika siku ile ile, likakaa gereji na barua ikiwa mle mle ndani, mbele kwa dereva. Leo limetoka, kwa hiyo utazipata zote mbili kwa pamoja. Ile ya kwanza isome kwa makini sana. Wale wa Mfuko wakifika niandikie siku hiyo hiyo, hata maneno mawili. Usiku silali nikiwafikiria, shangazi. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Hafsa


Chanika, 16 Machi 2025

Mwanangu Hafsa,

Natumaini umeamka salama na funga inakwenda vizuri. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Mwezi huu mchana unakuwa mrefu na mkono mzito. Futari tunapika kwa zamu na jirani, yeye muhogo, mimi uji wa pilipili manga. Mvua imeanza. Ule mtaro haujafukiwa, umejaa maji, na juzi mbuzi wa balozi alitumbukia, ikabidi aitwe fundi bomba kuja kumtoa. Mtaa mzima ulitoka kutazama.

Barua zako nimezipata.

Nimelifikiria suala la chuo. Mimi naona hicho cha Dar ndicho. Uholanzi kuna baridi na wewe una kifua tangu utotoni. Na sheria ni sheria, mtu akiwa na akili anaisoma popote. Wakili anaweza kuwa mkubwa bila kupanda ndege. Hao wa Mfuko wakikukataa usiumie, labda Mungu ana sababu zake.

Mengine tutazungumza ukija Idi. Nitakupikia pilau ya kuku wa kienyeji, jogoo nimeshamtenga.

Mwantumu


Korogwe, 5 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Idi imepita na sikuja. Jogoo muache aendelee kuwika.

Siku mbili kabla ya Idi nililetewa barua ya Mfuko. Taarifa ya nyumbani haikuridhisha, kwa hiyo jina langu halimo kwenye watakaosailiwa. Nilipiga simu Tanga, wakaniambia taarifa ni siri. Nikajiuliza ni nani Chanika anaweza kunisema vibaya mbele ya watu asiowajua, nikakosa. Halafu nikakumbuka kwamba ulimfukuzia Bi Husna watu wake. Ulimwaibisha, naye akalipiza. Nani mwingine mwenye sababu?

Idi pili nilikwenda Mazinde. Nilimkuta amekaa na wageni wake, nikamwambia mbele yao kwamba amenitia mchanga kwenye kitumbua changu kwa sababu sikukubali kuwa mkwe wake. Alinitazama kana kwamba nimeingia nyumba siyo. Awadhi alinisindikiza mpaka barabarani, akanisimamishia gari, akarudi. Nilitegemea angalau agombe.

Tangu siku hiyo nasoma tena barua yako ya Machi, na haikai sawa. Nilikuuliza kama watu wa Mfuko wamefika, hukunijibu. Ukanieleza habari za mbuzi. Kisha ukaniambia nisiumie wakinikataa, na wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa sijajua chochote. Ulijuaje? Tangu Januari unanivutia Dar. Sitaki kukushuku, shangazi. Wewe ndiye mzazi niliyebaki naye. Niambie tu kwamba sina sababu.

Hafsa


Chanika, 9 Aprili 2025

Hafsa,

Leo sina salamu. Rudi Mazinde ukamwombe radhi Bi Husna. Hakutuma mtu. Wale waliokuja na sukari ndio waliokuwa watu wako wa Mfuko.

Barua yako ya kunionya nimeipata pamoja na ile ya pili, siku Mustapha aliporudi barabarani. Niliisoma nimesimama, nikakaa chini pale pale kwenye kizingiti. Yule mwanamke nilisema nilimwona kwenye harusi Mombo. Sikumwona popote. Nilitaka awe wa Bi Husna, basi akawa wa Bi Husna.

Nikueleze, maana wewe umekulia kwenye vitabu na haya hujayafanya. Sisi tukitumwa kumchunguza msichana hatusemi tumetumwa na nani. Tunabeba kitu kidogo, sukari au sabuni. Tunaulizia afya yake, kama ana mtu, kama atavumilia kukaa mbali na kwao. Mimi mwenyewe nimetumwa mara nyingi. Wale walifanya hivyo hivyo, hakuna walichopunguza. Na nyumba isiyotaka kumtoa mtoto wake haisemi hapana, kwa sababu hapana inaleta uadui. Inamponda mtoto mpaka wageni wajiondokee wenyewe. Nikakuponda. Nilisema una pumu. Nilisema asubuhi huamki bila kumwagiwa maji. Nilisema una mdomo. Nilisema umeanza mambo mengi ukayaacha njiani, na ukilala nje ya Handeni unalia mpaka urudishwe. Mwanamke alikuwa anaandika. Nilipoona anaandika nikapata moto, nikaongeza kwamba kuna mwanajeshi ameshakuchumbia. Nilidhani nakutetea wewe na shule yako.

Hilo ni kosa, na lingekuwa hilo tu ningekuandikia siku ile ile. Lakini kuna la pili. Siku niliyosoma barua yako, basi la Tanga lilikuwa linapita, ningeweza kulipanda nikawaambie. Sikupanda. Nikasema kesho. Kesho ikafika nikasema nina mguu. Ndani kabisa, Hafsa, nilikuwa nimefurahi. Nilishakuona unakuja kwangu kila Jumamosi kutoka Dar, unaanua nguo, unanisemesha. Mwezi mzima wa Ramadhani nilifunga na furaha hiyo tumboni, na swaumu yangu sijui kama ilipokelewa.

Ungeumia wewe peke yako ningenyamaza, nasema kweli. Ila umekwenda kumtukana mwanamke wa watu nyumbani kwake siku ya Idi kwa jambo langu mimi, na hilo siliwezi. Umesema hutaki kunishuku. Nishuku, hujakosea.

Mwantumu


Korogwe, 30 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda Mazinde. Bi Husna alinisikiliza uani nikiwa nimesimama. Akasema amesikia, akaendelea kuchambua mchele. Awadhi niliambiwa hayupo, na baiskeli yake ilikuwepo.

Lile la wageni nalielewa. Labda na mimi ningekosea hivyo hivyo. Mwezi mzima siuelewi. Uliona barua yangu ikisema usiku silali, ukaiweka.

Fomu za chuo cha Dar nimezichukua. Mwisho wa kuzirudisha ni Juni. Umepata ulichotaka.

Usimpe Mustapha kitu. Nikiwa tayari nitaandika mimi.

Hafsa


Chanika, 18 Mei 2025

Mwanangu Hafsa,

Mustapha sijampa kitu. Nimempa dereva.

Sikuombi unijibu, ila usome. Wiki iliyopita nilikwenda Tanga. Mguu ulilalamika njia nzima, nikaunyamazisha. Pale ofisini nilikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, kila anayetoka ananiuliza, mama unasubiri nini, namwambia nasubiri yule mwanamke wa sukari. Mwishowe akatoka mwenyewe. Anaitwa Bernadina, Mshambaa wa Bungu. Alinijua mara moja, na uso ukamfunga.

Nikamweleza yote, kuanzia sukari mpaka mwanajeshi. Hafsa, yule mama alicheka mpaka akaegemea mlango. Akasema hata kwao milimani wanafanya vivyo hivyo, na siku ile walipotoka kwangu alimwambia mwenzake, hii nyumba mbona kama inamficha mtu. Mwenzake akamjibu kwamba wao wanaandika walichoambiwa, hawaandiki mbona. Basi akaniingiza mbele ya kamati yao, watu watatu na meza ndefu, wakasema taarifa inaweza kuandikwa upya, mradi nizungumze mimi mwenyewe na waandike mbele yangu. Wakaniambia, haya mama, tueleze binti yako yukoje.

Nikakwama. Kukuponda nilikuponda bila kupumua, lakini kukusifu mdomo ukagoma. Kwetu hatumsifii mtoto mbele ya wageni, unaonekana kama unamtembeza sokoni. Walinisubiri. Nikaanza na pumu, nikasema hana. Mwanajeshi hayupo. Asubuhi anaamka kabla yangu. Hajaacha kitu njiani hata kimoja, hata pale ambapo ningependa aache. Mdomo, nikawaambia, ule ni kweli, anao, na kwa kazi yake nadhani mtauhitaji. Nikawasimulia ulivyokuwa ukiniandikia barua za kuomba ruhusa wakati tunalala chumba kimoja, na sababu umezipanga moja, mbili, tatu, nami nashindwa kukataa. Yule mwembamba asiyesema aliandika mpaka akageuza karatasi.

Halafu mzee aliyekaa katikati akavua miwani, akaniuliza, mama, na wewe mwenyewe unaridhia aende?

Kulikuwa na jibu walilolitaka na nililijua. Nilikuwa nimechoka kusema uongo mbele ya wale watu. Nikamwambia siridhii. Nikamwambia mkiniachia mimi nitamficha tena, na safari ya pili nitamficha vizuri zaidi. Ndiyo maana msiniulize mimi. Mwiteni mumuulize yeye.

Sijui nimekujengea au nimekubomolea. Hawakuniambia.

Mwantumu


Korogwe, 29 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa sababu niko tayari, au karibu.

Waliniita kwenye usaili. Waliniuliza kuhusu mikataba, kuhusu kwa nini cha pili na si cha Uingereza, nikawajibu kama ninavyokujibu wewe nikiwa nimekasirika, moja, mbili, tatu. Mwishoni yule mzee akachukua karatasi ya maneno yako, akanisomea yote mpaka pale pa siridhii. Akaniuliza ninasemaje juu ya hilo.

Nililia, shangazi. Ilibidi Bi Bernadina aninyooshee maji. Maisha yangu yote umeniambia soma. Umewafukuza watu mlangoni ili nisome. Hujawahi hata siku moja kuniambia kwamba nikiondoka utaumia. Nimekuja kulisikia kwenye karatasi ya ofisi, likisomwa na mtu nisiyemjua, na niliumia kwamba wao walilijua kabla yangu. Nikafuta uso. Nikawaambia nimesikia kwamba haridhii, na nitakwenda.

Wamenipa. Masomo yanaanza Oktoba, Uholanzi ni Februari. Fomu za Dar sikuzirudisha.

Awadhi bado hajanijibu. Hilo ni langu, wewe usilishughulikie. Narudia, usilishughulikie.

Hasira nawe bado ninazo. Nimejaribu kuzimaliza huku peke yangu zikanishinda. Nakuja nazo Ijumaa kwa basi la mchana, nitakaa mpaka ziishe. Wageni usiite na habari usiitangaze. Nataka tufunge mlango tugombane vizuri, mimi na wewe, maana sina mtu mwingine duniani wa kugombana naye, na Februari haiko mbali.

Mwanao,
Hafsa